Tazama Kidevu, Usitazame Meno Peke Yake

Mpe mtoto wa miaka mitano kipande cha muwa, pale Kamembe au kule Bugarama, wilayani Rusizi, kisha tazama kidevu chake. Akitafunia kulia, taya la chini hushuka, huenda kidogo kulia, halafu hurudi katikati mpaka magego yakutane.

Kwa watoto wengine mambo huenda kinyume. Taya la juu ni jembamba, hivyo magego yake ya upande mmoja huingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Mtoto akifunga mdomo, meno hugongana ncha kwa ncha, mara nyingi kwenye chonge, naye husogeza taya pembeni apate pa kulikalisha. Hafanyi makusudi. Misuli huzoea, na akitafunia upande huo taya hurudi likitoka ndani kwenda nje. Maria Grazia Piancino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, wameuchunguza kwa kina mtafuno huu wa kinyume.

“Hayo meno ya utotoni, yatang’oka tu,” husema wazazi. Yatang’oka kweli, ila taya haling’oki. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, na mara nyingi hufuata upogo uleule. Wakati huo mifupa inakua, na uso nao unaweza kukua upande.

Kunyonya kidole kwa muda mrefu ni chanzo kimojawapo cha kasoro hii: ulimi hushuka, mashavu hulibana taya la juu. Kuhemea mdomo kwa sababu ya pua kuziba nako kunahusishwa.

Dar es Salaam, utafiti wa mwaka 2009 kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 ulikuta asilimia 63.8 wana kasoro fulani ya mpangilio wa meno. Nyingi si za kutisha. Hii ya taya kukwepa, kwa maoni yangu, ndiyo isiyofaa kungojewa, maana kwa mtoto mshono wa katikati ya kaakaa bado haujakaza. Kifaa chenye skrubu huupanua, takriban robo milimita kila skrubu inapozungushwa robo mzunguko. Mtu mzima huenda akahitaji upasuaji.

Mzazi wa Rusizi, mwambie mwanao afunge mdomo polepole. Kidevu kikikimbilia upande meno yanapogusana, mpeleke kwa daktari wa meno mwaka huu, hata kama haumwi.