Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Maji: Likizo ya Ziwani kwa Mtoto wa Nyanda za Juu

UE zikikaribia kuisha, stori hosteli ni moja tu: nani anaenda kula bata wapi. Inayotajwa sana ni Zanzibar. Mmoja anataka kuzamia Nungwi, mwingine anataka kuteleza juu ya maji kwa tiara kule Paje. Halafu watu wanahesabu bumu lililobaki, wanacheka, na kila mtu anakata tiketi ya kurudi kwao.

Mimi kwetu ni Kibondo. Kwa mtu wa Kibondo au Kasulu stori hii ina kituko chake. Tunaililia bahari iliyo upande wa pili wa nchi, wakati basi la Kigoma linatushusha kwenye ziwa la pili kwa kina duniani. Nimefanya likizo ya maji pale zaidi ya mara moja, na kila nikirudi chuoni maswali huwa yale yale. Nayajibu hapa kwa pamoja, kwa sababu wengi wetu tuliokulia milimani hatujui kuogelea, na mtu anaweza kupotea kwa kukosa maelezo madogo tu.

Ziwa lenyewe likoje

Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia, maji yakajaa kwenye ufa. Ndiyo maana ni jembamba na refu sana: urefu wake ni kama kilomita 670, na upana kwa wastani ni kama kilomita 50. Kina chake kinafika mita 1,470, na ni Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Tena ni maji yetu kabisa. Mvua ya Kibondo huingia Mto Malagarasi, ukazunguka na kupita kwenye mabwawa ya Moyowosi, kisha ukamwaga ziwani kusini mwa Ujiji. Kutoka hapo maji hutokea upande wa Kongo kwa Mto Lukuga, yanaingia Mto Kongo na kuishia Atlantiki.

Kwa muogeleaji, umbo hilo lina maana mbili. Kwanza, sehemu nyingi kina hushuka ghafla. Unasimama maji yakiwa kiunoni, unapiga hatua chache, chini hakuna kitu. Pili, upepo wa kusi wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, unapata mamia ya kilomita za maji matupu ya kusukuma mawimbi. Na huo ndio msimu wa likizo yetu ndefu. Kwa hiyo ukisikia "ni ziwa tu, si bahari," mwambie mwenzio asikudanganye.

Anza kwa kuelea

Kabla ya kayaki, kabla ya miwani ya kuzamia, jifunze kuelea chali. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa karibu asilimia 2.5, kwa sababu ya chumvi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwili wa binadamu una uzito unaokaribia sana ule wa maji, kwa hiyo asilimia hiyo unaisikia. Aliyejifunzia Coco Beach akija Kigoma ataona anazama kidogo zaidi. Siri ni pumzi: mapafu yakijaa hewa unaelea, ukitoa hewa yote kwa woga unashuka.

Mahali pazuri pa kuanzia ni fukwe ndogo zilizokingwa na vilima upande wa Katonga, ukiwamo ufukwe wa Jakobsen. Nenda na mtu anayejua kuogelea kweli, siyo anayesema anajua. Kaeni sambamba na ufukwe, msielekee kati. Maji ya juu yana joto la kama nyuzi 25, yanapendeza, lakini bado yako chini ya joto la mwili, na maji hupoza mwili haraka kuliko hewa. Ukianza kutetemeka, toka, ota jua, kula kitu.

Chini ya maji kuna nini

Hapa ndipo Tanganyika linapoitoa jasho bahari. Vaa miwani na bomba la kupumulia, lala kifudifudi juu ya maji karibu na mawe, tazama tu. Maji ni maangavu, na kati ya mawe kuna samaki wadogo wa njano, bluu na wenye milia, ndugu wa sato na perege. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Baadhi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Watu wa Ulaya wanawafuga samaki hawa kwenye vioo sebuleni. Sisi tunawajua migebuka na dagaa wa sokoni, basi.

Kasia na boti

Mtumbwi au kayaki ni kwa ghuba iliyotulia, na jaketi okozi, yale tunayoyaita maboya, linafungwa mwilini. Likiwekwa miguuni halimsaidii mtu yeyote. Kabla ya kutoka, ongea na wavuvi. Wao wanatoka usiku na taa zao kutafuta dagaa, wakirudi asubuhi wanajua upepo umelalaje. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo uisome, maana utulivu wa asubuhi haukuahidi kitu mchana.

Wanaotaka safari huenda Gombe, hifadhi ya sokwe aliyoifanya maarufu Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Barabara haifiki huko, ni maji tu. Boti za abiria zinatoka Kibirizi na kupita kijiji kwa kijiji muda wa saa tatu hivi. Ni safari tamu, milima upande mmoja na Kongo ikionekana kwa mbali upande mwingine. Ila tukumbuke MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018, zote Ziwa Victoria. MV Nyerere peke yake ilichukua zaidi ya watu 220, ikiwa imepakia kupita kiasi, karibu kabisa na gati la Ukara. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Nauli inatafutwa tena.

Kichocho

Hili watu hulisahau. Vijidudu vya kichocho hukaa kwanza ndani ya konokono, halafu hutoka na kupenya ngozi yako ukiwa majini, bila maumivu ya kukushtua. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye nyasi na matete, karibu na vijiji na midomo ya mito. Kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi hatari hupungua, ingawa haiishi. Ukirudi chuoni, wiki kadhaa baadaye nenda zahanati upime, hata kama huoni damu kwenye choo au mkojo. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu vizuri. Na pembezoni mwa Malagarasi usiogelee kabisa: kule kuna mamba na viboko.

Mpango wa siku tano

Siku ya kwanza na ya pili, elea na kuogelea ufukweni. Ya tatu, miwani na samaki. Ya nne, kasia ndani ya ghuba, jioni mkapitie Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ya tano, boti kama hali ya hewa inaruhusu. Msiruke hatua. Mkienda watu wanne mnagawana chumba na chakula, na mgebuka wa kuchoma na ugali haujawahi kumfilisi mtu.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa mambo mengine sawa, lakini Tanganyika budi unayo. Upepo ukibadilika, vaa nguo zako urudi ufukweni. Kesho ziwa litakuwepo, na wewe tunakutaka muhula ujao darasani.