Krimu ya jirani si dawa ya mwanao

MTOTO anajikuna usiku kucha. Ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti imekauka, imekuwa ngumu na nyeusi kuliko kawaida. Asubuhi jirani anakuja na tyubu aliyopewa hospitalini mwaka jana. “Mpake hii, dada. Wangu ilimponya.”

Ni ujirani mwema, na huonekana Chebunyo kama katika vijiji vingine vya Bomet na Kericho. Lakini mzazi, kabla ya kufungua kifuniko, jiulize: dawa hii iliandikiwa nani, na kwa ugonjwa gani?

Krimu nyingi zinazotolewa kwa ukurutu huwa na steroidi. Dawa hii hutuliza uvimbe na mwasho, lakini haiui kuvu. Ikiwa mtoto ana choa, mwasho utapungua kwa siku chache huku kuvu ikizidi kuenea. Lile duara lake hupoteza umbo, hata muuguzi akapata taabu kuutambua ugonjwa.

Tena, krimu hizi hazilingani kwa nguvu. Soma kisanduku. Hydrocortisone ya asilimia 1 ni ya nguvu ndogo. Betamethasone ya asilimia 0.1 ni kali, na clobetasol ya asilimia 0.05 ni kali zaidi. Usidanganywe na tarakimu: hapa yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo kali kupita zote.

Upake vipi?

Nawa mikono kwanza. Kamua krimu kwa mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho, karibu nusu gramu, chatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka mahali penye ugonjwa tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoagizwa, kisha nawa tena, isipokuwa kama ni mikono yenyewe inayotibiwa. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe kwa wakati wake, yakiachana na dawa kwa nusu saa hivi.

Usifunge bandeji juu yake bila kuambiwa. Kwa mtoto mchanga, hata nepi hufanya kazi ya bandeji, na dawa huingia mwilini kwa wingi. Usoni, kwapani na kwenye kinena ngozi ni nyembamba, kwa hiyo pataka uangalifu zaidi.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Anayepaka krimu kali miezi na miezi, pengine ili uso ung'ae, huipunguza ngozi yake kidogo kidogo. Itakuwa nyembamba, itatoa chunusi, michirizi na mabaka meupe. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, yaweza kudhuru macho. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla. Amwone daktari ampangie namna ya kupunguza.

Jambo jingine husahauliwa jikoni. Mafuta ya kupaka yakikolea kwenye nguo au shuka, kitambaa hushika moto upesi. Mtoto aliyepakwa asisogee karibu na kuni wala koroboi.

Hata hivyo, usiitupe dawa kwa sababu ya uvumi. Ikitumiwa kwa kipimo na kwa siku zilizoagizwa, ni salama na humrudishia mtoto usingizi. Lakini ukiona usaha, maganda ya manjano, malengelenge au homa, au ngozi isipopata nafuu katika wiki mbili, rudi kwenye zahanati. Likiwashinda hapo, waweza kuelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Longisa.

Nenda na ile tyubu mkononi. Anayekutibu atajua upesi mtoto amepakwa nini, na kwa muda gani.