Je, Wajua? Kioo cha tachi kilitangulia simu ya mkononi

Mwaka 1965, E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo ya kioo cha kompyuta kinachotambua mguso wa kidole. Waliolengwa hawakuwa wapiga picha wala watuma ujumbe, bali waongoza ndege.

Mwaka 1972, kompyuta za kufundishia za PLATO IV nchini Marekani zilitumia mbinu nyingine: miale isiyoonekana kwa macho ilipita mbele ya kioo, na kidole kilipoikata, mashine ilijua kimegusa wapi. Simu ya IBM Simon, yenye kioo cha tachi, iliingia sokoni mwaka 1994, miaka 13 kabla ya iPhone.

Siri ya kioo cha simu yako ni umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, hivyo kidole kikigusa hubadilisha kidogo chaji ya kioo, na simu hupima badiliko hilo. Ndiyo maana ukivaa glavu nene utapapasa bure: kinachotafutwa si nguvu ya kubonyeza, bali kitu kinachopitisha umeme.