BARIDI INAYOOKOA TAYA

Umewahi kumwona daktari wa mifugo akifungua ule mtungi wa mbegu za fahali? Hutoka moshi mweupe, lakini si wa moto. Ndani mna naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri. Mimi nilidhani ni ya ng'ombe tu, mpaka shangazi yangu alipovimba taya.

Uvimbe wake haukuuma, basi akaufunika kwa leso mwaka mzima. Wengine walisema ni jino, wengine eti karogwa. Kumbe ilikuwa ameloblastoma, uvimbe utokanao na seli zinazotengeneza meno. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini hula taya polepole.

Je, shida iko wapi? Daktari akiukwangua tu, seli chache hubaki zimejificha mfupani, na baada ya miaka uvimbe hurudi. Akikata taya, uso hubadilika. Hapo ndipo baridi huja kusaidia, iwapo uvimbe bado umo ndani ya mfupa.

Mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha uvimbe hutolewa. Midomo na nyama za kando hukingwa kwa shashi ili zisiungue, kwa maana baridi hii huunguza kama moto. Halafu naitrojeni hupulizwa ndani ya shimo kwa muda wa kama dakika moja, huachwa iyeyuke, na kurudiwa tena. Maji yaliyomo katika seli huganda, nazo seli hufa. Mfupa wenyewe hubaki umesimama kama nyumba iliyohamwa, na mfupa mpya huweza kuota humo humo.

Hata hivyo, kila chenye faida kina hasara. Taya huwa dhaifu kwa miezi kadhaa, hivyo mgonjwa hula uji na vyakula laini lisije likavunjika. Mdomo wa chini nao huweza kufa ganzi kwa muda.

Na shangazi je? Daktari alimweleza haya yote, kisha akamwambia amechelewa. Uvimbe ulikuwa umekwisha kutoboa mfupa. Alikatwa kipande cha taya, na leo githeri huitafuna upande mmoja.

Kwa hivyo wenzangu, ukiona uvimbe tayani, hata kama hauumi, usiufunike kwa leso. Nenda hospitalini mapema. Baridi haiokoi mfupa uliokwisha kuliwa.