Unataka kushindana na gari la kitambo? Anza na bodi, injini ingoje

Pita Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, Jumamosi asubuhi. Hukosi kijana anayeulizia springi fupi ili gari lake lilale karibu na lami. Kisha fuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, uone magari yanavyokwaruza tumbo kwenye matuta.

Kwa kupiga picha, sawa. Lakini kama ndoto yako ni kuingiza gari la kitambo kwenye mbio za hapa Kenya, mambo yanageuka: gari linapandishwa juu.

Porsche walilijua hilo. Katika Safari Rally ya 1978 walileta 911 SC iliyoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Mkenya Vic Preston Jr alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Waldegård alirudi 2011 na 911 ya kitambo, mwanawe Mathias akimsomea njia, akashinda East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003.

Sasa wewe unaanzia wapi? Wengi hukimbilia injini, na hapo ndipo pesa hupotea.

Chukua Datsun 240Z, iliyoshinda Safari 1971 na 1973. Haina fremu ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Kiwandani, mabati yake yaliunganishwa kwa vidoti vya weldi vilivyoachana. Ukiipeleka kwenye mawe na mashimo, kila pigo huvuta vile vidoti. Mwishowe bodi inajipinda, mlango unakataa kufunga na alainimenti haishiki.

Ndiyo maana mafundi wa mbio huvua gari hadi libaki ganda tupu. Wanasaka kutu, wanapiga weldi kwenye maungio, kisha wanaongeza vyuma pale shoki na mikono ya magurudumu inaposhikia bodi.

Baada ya hapo ndipo uguse suspensheni. Springi ndefu peke yake haitakusaidia. Springi hubeba uzito, shoki huizuia isirukeruke. Shoki ikifanya kazi bila kupumzika hupata moto, mafuta yake yanatoa povu, na gari linaanza kudunda kama mpira. Shoki za mbio hutengenezwa kuhimili joto hilo. Na ukishainua gari, pembe za magurudumu hubadilika, kwa hivyo lazima zipimwe upya.

Kwa kizimba cha mabomba kinachokulinda gari likibingirika, usitafute njia ya mkato. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma lisilo na mshono; upinde mkuu nyuma ya viti uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Fundi wako wa mageti anaweza kuwa mkali, lakini bomba la geti si la kazi hii. Afadhali mkaguzi akukatalie kabla ya mbio kuliko bomba likukunjikie kichwani.

Mfuko ukibana, funika injini kwa turubai na ulipie weldi kwanza. Na gari likiwa tayari, usiende kulijaribu Southern Bypass usiku. Jiunge na klabu, tafuta leseni ya mashindano, ukimbize uwanjani. Barabarani kuna watu wanaoenda nyumbani.