Takataka Zigeuzwazo Joto na Umeme

Tarehe 11 Machi, 2017, jaa kubwa la Koshe katika mji wa Addis Ababa, Uhabeshi, liliporomoka na kuwafunika watu waliokaa kando yake. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Karibu na jaa hilo hilo ulikuwa ukijengwa mtambo wa kuchomea taka, uitwao Reppie, nao ulifunguliwa mwezi wa Agosti, 2018. Uliundwa kuchoma tani 1,400 kwa siku na kutoa umeme wa megawati 25.

Aliyepata kuona gari la moshi la zamani hatastaajabia kazi yake. Taka hutiwa tanurini, moto huchemsha maji yaliyomo katika mabomba, na mvuke huzungusha mashine ya umeme. Lakini hesabu ya karatasini ni moja, na kazi ya tanuri ni nyingine. Kila apikaye kwa kuni mbichi aijua taabu yake: moto hukausha kuni kwanza, ndipo chungu kipate joto. Taka za miji mingi ya Afrika ni maganda, mboga na mabaki ya chakula, nazo wakati wa mvua hulowa zaidi. Karatasi na plastiki, ziwakazo vizuri, nyingi zimekwisha okotwa na wenye kuziuza. Tena, plastiki nyingine zina klorini, na moshi wake hula mabomba. Basi mvuke hauwezi kutiwa joto kali kama katika mitambo ya makaa. Ndiyo sababu mtambo utoao umeme peke yake hupata yapata robo tu ya nguvu za moto, au pungufu.

Mjini Vienna, Austria, mambo ni mengine. Mtambo wa Spittelau ulianza kazi mwaka 1971 ili kuipatia joto hospitali kuu. Uliungua 1987, ukatengenezwa upya. Huchoma tani 250,000 hivi kwa mwaka, na maji yake ya moto hupita chini ya ardhi hadi katika nyumba zaidi ya 60,000. Huko baridi humlazimisha kila mtu kununua joto. Katika nchi za jua mnunuzi hana budi kutafutwa: kiwanda cha nguo, cha bia au cha maziwa, nacho kiwe jirani, kwani mvuke haufiki mbali.

Yabaki majivu, kama robo ya uzito wa taka. Yale mazito huweza kutandazwa chini ya barabara, yakiisha kupimwa. Yale laini yanaswayo katika vichujio vya moshi yana sumu ya risasi na madini mengine. Si kama majivu ya jikoni, hayatiwi shambani, wala hayatupwi karibu na kisima.