Kabla ya kununua kasuku wako wa kwanza

Kwa mshahara wangu wa kwanza kisha diploma, nilinunua kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Muuzaji pale Bukavu akaniambia: "Yaya, huyu iko mutoto, atasema mbio!" Macho yake yalikuwa ya njano. Sikujua kama kinda iko na macho meusi-meusi, yanakuwa ya njano akikomaa. Nililipia ndege mkubwa aliyenaswa porini.

Porini kasuku wanaishi kwa makundi. Wawindaji wanafunga mmoja juu ya mti aite wenzake, wanapaka ulimbo kwenye matawi. Wengi wanakufa njiani mbele ya kufika soko. Ni juu ya hiyo, tangu 2017, mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa porini.

Tena iko na akili. Kule Marekani, Irene Pepperberg alinunua mmoja mwaka 1977, akamwita Alex. Alijifunza maneno zaidi ya mia moja, alijua rangi na kuhesabu mpaka sita. Akili kama hiyo ukiifungia peke yake kutwa nzima, inagonjwa.

Wangu ilikuwa hivyo. Nilipata kazi Kindu, nikamwacha kwa mama. Siku moja mama akapiga simu: "Mwanangu, ndege yako inajinyonyoa." Kifua kilikuwa kimebaki ngozi tupu. Tulimpeleka Lwiro, kwenye kituo kinachotunza sokwe na kasuku waliookolewa.

Basi wewe unayetaka kununua, uulize kwanza:

1. Alizaliwa wapi? Aliyezaliwa kizimbani mara nyingi iko na pete nzima mguuni, isiyo na kiungo. Inavalishwa kinda wa siku chache. Mguu wa mkubwa hauipitishi.

2. Nani atabaki naye? Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Sisi wenye kutafuta kazi, leo tuko Goma, kesho Kisangani.

3. Atakaa wapi? Moshi wa makala unaharibu mapafu yake, na avoka ni sumu kwake.

Kama unapenda ndege kabisa, tafuta kasuku wadogo wa asili ya Australia waliozaliwa kizimbani, na uchukue wawili wapate kuongea pamoja. Yule wa kijivu, mwachie pori lake. Mimi nilijifunza kwa hasara yake, si yangu.